Uzoefu wangu na tiba ya mazungumzo kwa Wahindi wa Uingereza

Nimepita huduma ya bure ya NHS (huduma ya afya ya serikali), kisha ya kulipia kwa mtaalamu wa asili ya Kihindi hapa Leicester. Ya pili naipa nyota 4 kati ya 5. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu familia zetu zimepitia Kampala, Nairobi au Mombasa, na lugha hii bado imo majumbani.

Ukiwa England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba hii ya NHS bila kupitia kwa daktari wako. Tangu siku ya kujiandikisha, sema lugha unayotaka, kama unapendelea mwanamke au mwanamume, na kama mzazi wako atahitaji mkalimani. Usikubali mtoto au shemeji akalimani: mgonjwa atameza nusu ya maneno. Utajazishwa madodoso mawili. PHQ-9 ya sonona ina maswali 9 na alama zake zinafika 27. GAD-7 ya wasiwasi ina maswali 7, mwisho alama 21. Wazee wetu husema kifua kizito, kichwa, tumbo linachoma, na hayo hayamo humo. Alama zinatoka ndogo, mtu anaonekana mzima. Yaseme kwa mdomo, na umwombe mtaalamu ayaandike.

Penye tofauti kubwa ni kwenye zoezi la kuchunguza mawazo. Unaandika: “Nikiikataa posa hii nitawaaibisha wazazi.” Mtaalamu asiyeijua jamii yetu huliona wazo hilo kama kutia chumvi, kisha anakufundisha kusema hapana waziwazi, au anakushauri uhame nyumbani. Ukifuata, ugomvi unawaka na tiba unaiacha. Wangu hakubisha kwamba aibu ipo. Aliigawa: nani hasa atasema, atasema kwa muda gani, nani atasimama upande wako, na baba mwenyewe anaogopa nini. Baada ya hapo zoezi la wiki halikuwa kumkabili baba, bali kuzungumza kwanza na shangazi ambaye baba humsikiliza. Nyumbani kwetu maamuzi hupita njia hiyo, na tiba isiyoijua njia hiyo itakwama hata ikitolewa na mtu mwema.

Kikao cha kwanza kilitumika kuchora ukoo wa vizazi vitatu: nani alizaliwa Gujarat, nani alifukuzwa Uganda mwaka 1972 kwa amri ya Amin iliyotoa siku 90, nani alipoteza duka. Usione ni kupoteza muda. Hofu ya mzazi juu ya kazi “isiyo na uhakika” inasomeka vingine kabisa ukishaona mchoro huo.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya siri. Jamii ni ndogo, na mtaalamu wa kwenu anaweza kuwa anamjua mama yako. Muulize kabla ya kulipa: tukikutana harusini utafanyaje? Je, unamtibu ndugu yangu yeyote? Jibu zuri ni kwamba hatakusalimia wewe usipoanza, na hatapokea watu wawili wa nyumba moja kwa siri. Akisita, tafuta mwingine, hata wa mji mwingine kwa video. Kwa video vaa spika za masikioni na kaa ndani ya gari iliyoegeshwa. Kuta za nyumba zetu hazifichi kitu.

Kwa Uingereza yeyote anaweza kujiita mshauri nasaha, sheria haimzuii, hivyo hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya BACP au UKCP, vyama vya wataalamu wa tiba ya mazungumzo. Mwanasaikolojia wa tiba awe amesajiliwa na HCPC, chombo cha kisheria kinachosimamia taaluma hiyo. Mtandao wa BAATN una orodha ya wataalamu weusi na wenye asili ya Asia. Wengi hutoa simu fupi ya bure kabla ya kuanza. Itumie kumuuliza angefanya nini mteja akitaka kubaki na wazazi wake na bado apumue. Akikuuliza kwanza nyumbani kwenu nani huamua nini, panga naye kikao.