Amitriptilini na fluoksetini: uzoefu wangu wa dawa mbili za sonona, fundi cherehani wa Dodoma

Nimetumia dawa mbili za sonona. Nilianza na amitriptilini, nikahamishiwa fluoksetini, ambayo ndiyo ninayomeza mpaka sasa. Zote zilinisaidia, zote zina maudhi yake, na maudhi ya hii hayafanani na ya ile. Naandika kwa sababu nilipopewa ya kwanza nilitafuta mtu wa huku kwetu aliyewahi kuitumia anieleze ilivyo, sikumpata. Watu wanameza kimya kimya, na wengi wanaacha kimya kimya. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, nashonea barazani Majengo, na jioni naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Nayataja haya kwa kuwa dawa hizi zilinigusa hapo hapo kwenye riziki yangu: macho, mikono na mdomo.

Hali niliyokuwa nayo wengi mtaitambua. Usingizi ulikatika kila siku saa tisa za usiku, na nikishaamka ndiyo basi. Mchana nakaa mbele ya cherehani, mguu uko kwenye pedali, kitambaa kimeshakatwa, na siwezi kuanza. Vitambaa vya watu vikarundikana, wateja wakaanza kuja kuvichukua bila kushonwa. Kwenye kwaya nikawa nafungua mdomo tu. Wapo walioniambia niombe, na niliomba, na bado naomba. Wapo waliosema nimetupiwa kitu. Wifi yangu ndiye aliyesema, "Dada, huu ni ugonjwa, twende ukatibiwe," akanishika mkono.

Kituo cha kwanza tulichokwenda sikitaji. Waliniandikia amitriptilini ya 25 mg, nimeze usiku, nirudi baada ya mwezi. Basi. Hakuna aliyeniambia nitegemee nini.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Ni dawa ya zamani, Marekani waliiruhusu mwaka 1961, ni ya bei nafuu, na sijawahi kuikosa mjini. Na inaleta usingizi. Usiku wa kwanza tu nililala mpaka kukapambazuka, kitu ambacho nilikuwa nimeshakisahau. Kwa mtu ambaye kukosa usingizi kumemmaliza, hilo peke yake ni msaada mkubwa. Ila usingizi huo sio sonona kupona. Moyo wenyewe ulichukua wiki kadhaa kuanza kutulia, kipimo kikiongezwa taratibu mpaka 75 mg.

Sasa maudhi. Mdomo ulikauka kabisa. Hapa kwetu kuanzia mwezi wa sita upepo ni mkavu na vumbi linaruka, kwa hiyo hata mtu mzima wa afya anakunywa maji kila saa. Mimi ulimi ulikuwa unagandana na kaakaa katikati ya wimbo. Nilichokuja kukiona kinafaa ni kumung'unya ubuyu mtupu, usiotiwa rangi wala sukari. Ule ukali wake unayaita mate. Sukari iepuke, kwa sababu mdomo usio na mate meno yanaoza upesi.

Choo kilikuwa kigumu, siku zinapita. Hilo nililitibu kwa vyakula vya Kigogo nilivyokulia: mlenda karibu kila siku na ugali wa uwele, papai asubuhi, na maji mengi. Kilichonitesa zaidi kilikuwa macho. Mbali naona vizuri, namtambua mtu akiwa ng'ambo ya barabara, lakini kutunga uzi kwenye sindano siwezi. Tundu la sindano linakuwa ukungu. Ilibidi nimwombe binti anayejifunza kwangu anitungie, na kazi ya mkono, pindo na vifungo, yote ikahamia kwake. Nilifikiri napofuka. Kama kuna jambo moja ambalo mtu angeniambia siku ile ya kwanza, ni hilo la macho.

Baadaye ndipo nikaanza kuhudhuria kliniki Mirembe. Najua jina hilo linavyotamkwa hapa Dodoma. Watoto wanatukanana kwalo, na mtu mzima akionekana anaelekea huko majirani wanashusha sauti. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo tangu enzi za Mwingereza, na watu wanaofika pale kuonana na daktari na kurudi nyumbani kwao siku hiyo hiyo ni wa kila aina. Nimekaa benchi moja na mwanafunzi wa chuo, na mzee aliyetoka na basi Kondoa, na mama aliyevaa kama anakwenda ofisini wizarani. Hakuna aliyemshangaa mwenzake.

Huko nilikutana na nesi mmoja mama wa makamo ambaye ningempa alama kumi juu ya kumi bila kufikiri. Alinisikiliza habari ya sindano mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hupofuki. Hiyo ni dawa." Akanieleza kuwa mwilini kuna kemikali inaitwa asetilikolini. Ndiyo inayoamrisha mate yatoke, utumbo usukume, na jicho lijikaze kuona kitu kilicho karibu, na amitriptilini inaizuia. Kumbe mdomo, tumbo na macho vilikuwa na chanzo kimoja. Ndiyo maana mwenye presha ya macho, au mzee mwenye tezi dume iliyovimba anayepata taabu kukojoa, lazima aseme kabla hajaandikiwa. Mwenye matatizo ya moyo vilevile. Akanifundisha nikiamka nikae kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu dawa hii inashusha presha unaposimama ghafla, na kweli kile kizunguzungu cha alfajiri kilipungua.

Aliuliza na jambo lingine, bila kuzunguka: kama huwa nawaza kufa, na nani nyumbani anatunza dawa. Alieleza kuwa amitriptilini ikizidi kipimo inavuruga mapigo ya moyo na inaua, kwa hiyo mtu ambaye mawazo yake bado mazito asikae na akiba kubwa chumbani kwake. Tukakubaliana wifi ndiye atunze, anipe za siku chache chache. Sikuona kama nadharauliwa. Niliona kuna mtu amelichukulia tatizo langu kwa uzito wake.

Jambo la uzito wa mwili nalisema kwa kifupi: nilinenepa. Hamu ya kula ilirudi ikapitiliza, hasa vitu vitamu, na sketi zangu mwenyewe nilizifumua mbavuni nikaziachia.

Daktari aliposikia kazi yangu ni ya macho na mikono, alishauri tubadilishe. Hatukubadilisha siku moja. Amitriptilini ilipunguzwa hatua kwa hatua kwanza, kwa kuwa fluoksetini inalizuia ini kuivunja amitriptilini, hivyo ukizichanganya ovyo ile ya zamani inajaa kwenye damu. Nasisitiza hapa, maana nimeshasikia watu wanaoongezeana vidonge majumbani: mwenzako akikuambia "mimi hii ndiyo iliyoniponya, chukua ujaribu," usipokee.

Fluoksetini ni ya kizazi cha baadaye, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la Prozac. Ninayopewa mimi haina jina hilo, ni kapsuli ya kawaida ya 20 mg, moja asubuhi. Macho yangu yalirudi. Nasema tena, macho yangu yalirudi, nikatunga uzi mwenyewe. Mate yakarudi, tumbo likalainika.

Lakini wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, na naomba anayeanza alijue hili asije akaacha. Kichefuchefu kila asubuhi, kichwa kinagonga, na kuhangaika ndani kwa ndani kama mtu anayesubiri habari mbaya. Mikono ilitetemeka kidogo. Usingizi ukawa mwembamba. Nilijifunza kunywa uji wa ulezi kwanza ndipo nimeze, na kichefuchefu kikapungua sana. Nesi alikuwa ameshaniambia yote haya, kwamba yatakuja na kwamba kwa wengi yanapita, na kwamba nafuu yenyewe itachelewa, wiki nne au hata sita. Maudhi yanatangulia, faida inafuata nyuma. Bila kuambiwa hivyo, mimi ningeitupa ile dawa wiki ya kwanza.

Alinionya pia kuhusu vijana. Kwa walio chini ya miaka 25, dawa za aina hii zinaweza kuzidisha mawazo ya kujidhuru katika wiki za mwanzo, kwa hiyo kijana anayeanza awe na mtu wa kumwangalia karibu. Marekani wanaliandika onyo hilo kwenye dawa zenyewe. Na kama kuna wakati mtu alishawahi kuchangamka kupita kiasi, halali, anatumia pesa ovyo, anaongea bila kukoma, amwambie daktari, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuirudisha hali hiyo.

Nafuu ilikuja hivi. Mama mmoja alileta kitenge pungufu akataka gauni la solo lenye mikono mirefu, nikabishana naye. Nilimpimia mbele yake, nikamwonyesha hakitoshi, nikamtajia bei ya kuongeza kitambaa kingine. Binti anayejifunza kwangu akaniangalia, akasema, "Mama, umerudi." Sikuwa na furaha yoyote ya ajabu. Nilikuwa na nguvu ya kujali kama kitambaa kinatosha.

Kuna la ndani ambalo wanawake wenzangu huwa hawasemi, wanaume ndiyo kabisa. Fluoksetini ilinipunguzia hamu ya tendo la ndoa, na hata pale hamu ilipokuwepo, kufika mwisho kulichelewa mno au hakukuwepo. Mume wangu alianza kujiuliza maswali. Nilikwenda naye kliniki, daktari akatuambia wote wawili kwamba ni dawa, ni jambo la kawaida sana kwa kundi hili la dawa, wanaume na wanawake, na kwamba kuna njia: kusubiri, kupunguza kipimo, au kubadilisha. Tuliamua kusubiri. Limepungua, halijaisha. Mume wangu kusikia kwa masikio yake kwamba hakuna mtu wa tatu kulituliza nyumba kuliko maneno yangu yote.

Kuhusu kununua nje. Fluoksetini nimewahi kuizungukia famasi kadhaa mjini. Duka moja, sitalitaja, kijana aliyekuwepo alisoma cheti changu kwa sauti mbele ya wateja akauliza, "Dada, hizi si za vichaa?" Nilimjibu, "Mdogo wangu, ni za mgonjwa, na mgonjwa ni mimi." Kisha akataka kunikatia kapsuli kwa mkasi na kuzitia kwenye bahasha, ile sehemu yenye jina na tarehe ya kuisha ikabaki kwake. Nilikataa. Daima ombeni mkanda mzima msome tarehe. Na sisi tunaoinama kwenye cherehani mchana kutwa tunapenda kununua diklofenaki kwa ajili ya mgongo: ukiwa kwenye fluoksetini, zikikutana zinaongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Tramado ndiyo usiiguse kabisa bila daktari. Mimi siku hizi mgongo ukiuma natumia parasetamo, na najinyoosha kila ninapomaliza nguo.

Jambo zuri la fluoksetini ambalo wengi hawalijui ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu, inatoka taratibu kwa wiki kadhaa. Nilipoikosa kwa siku chache sikuyumba. Hiyo haina maana unaweza kuiacha ukijisikia vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri uendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, ndipo muanze kupunguza pamoja na daktari. Wala huwi mteja wake wa kudumu kama watu wa pombe. Mimi kipimo changu hakijawahi kupandishwa, na sijawahi kuitamani.

Kwa hiyo amitriptilini naipa sita juu ya kumi, na alama nyingi kati ya hizo ni za usingizi. Kwa mtu anayelala vibaya, ambaye kazi yake haihitaji macho ya karibu, na moyo wake umepimwa, inaweza kumfaa kuliko ilivyonifaa mimi. Dereva wa bodaboda aifikirie mara mbili, maana usingizi wake unafuata mpaka asubuhi. Fluoksetini naipa nane. Mbili nimeziondoa kwa ajili ya wiki za mwanzo na la chumbani.

Kliniki ijayo nina swali la jasho. Linanilowanisha shuka usiku hata mwezi huu wa saba ambao sisi wa Dodoma tunajifunika blanketi, na nataka nijue kama nalo ni la dawa au nimefika umri wa wanawake.