Distress Oxide kwenye kadi za mikono: subiri uone maji yanavyofanya

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena mezani kwangu. Leo sina utangulizi mrefu, nina hamu ya kuanza. Wengi mmeniuliza kwenye maoni: huu wino wa Distress Oxide unastahili pesa yake kwa mtu anayetengeneza kadi kwa mihuri ya mpira, au ni sifa za mitandaoni tu? Kaeni nami, maana kuna kitu nataka mkione kwa macho yenu.

Kifuniko, ukubwa wa pedi ya wino, rangi ziko ngapi, hayo mnayajua, naruka. Jueni tu kwamba unatengenezwa na kampuni ya Ranger, umebuniwa na msanii Tim Holtz, na uliingia sokoni mwaka 2017, wakati ndugu yake mkubwa, Distress Ink ya kawaida, alikuwa ameshazoeleka. Kwa sura zinafanana sana, kwa tabia ziko mbali. Ndani ya Oxide kuna wino wa aina mbili kwa pamoja: ule unaozama kwenye karatasi, na ule wa chembechembe za rangi unaobaki juu juu. Shikeni hapo, maana ndipo penye kazi yote.

Haya, sogezeni macho. Hii ni karatasi ya rangi za maji, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba. Usinitumie karatasi ya printa hapa, itakunjamana na kuchanika. Nachukua pedi ya Broken China, hii ya samawati, naigandamiza moja kwa moja kwenye plastiki laini niliyotandika mezani. Pembeni yake naweka Worn Lipstick, ile ya waridi. Napulizia maji kidogo. Mnaona wino unavyojikusanya kuwa matone? Sasa nageuza karatasi, naiburuta juu yake, nainua. Tazameni hapo katikati, rangi mbili zilipokutana: pametoka zambarau laini, hapajawa tope. Nakausha kwa mashine ya hewa moto. Kausha kabisa, usione uvivu, kwa sababu ukiweka rangi ya pili juu ya rangi mbichi zinachanganyika zote na kazi inaharibika. Narudia tena, safari hii naigusisha tu kwenye matone yaliyobaki. Nakausha. Angalieni sasa, rangi ya juu imekaa juu ya ile ya chini, haijaimeza.

Bado hamjaona nilichowaitia. Nachovya vidole kwenye maji safi, nanyunyiza. Matone makubwa na madogo, yaangukie yanapotaka. Sasa usiguse. Subiri. Subiri kidogo... Haya, nadondoshea tishu juu, nabana taratibu, nainua. Jamani! Sogeza kamera, sogeza kabisa. Mnaona kila lilipoanguka tone pamebaki doa jeupejeupe, lina ukungu kama vumbi la chaki, na ukingo wake umekolea? Yale maji yameziamsha zile chembe za juu. Ukifanya hivi kwa Distress Ink ya kawaida unapata doa pia, ila lile ni rangi iliyofifia na karatasi inachungulia. Huu ukungu huupati. Na uzuri wake ni kwamba hakuna karatasi mbili zitakazofanana, kwa hiyo kila utakayempa kadi anapata ya kwake peke yake. Mimi kwa hili tu naupenda wino huu, na sifichi.

Jaribuni pia kwenye karatasi ya kaki. Ule wa kawaida unazama na kupotea, Oxide unaonekana. Na kwa kuwa unachelewa kukauka, unaweza kugonga muhuri, ukamwaga unga angavu wa kuyeyusha kwa joto, ukapata maandishi yaliyonyanyuka yenye rangi hiyohiyo. Hilo nitalifanyia video yake, tena mbashara wiki ijayo, mwenye maswali aje nayo. Kama hujajisajili kwenye chaneli, bonyeza na kengele kabisa ili isikupite.

Sasa nikija kwenye kugonga picha yenyewe, hapo sifa zangu zinapungua. Huu muhuri wa ua una mistari myembamba kama nywele. Naupaka Oxide kwa kuudokoadokoa, nagonga, nainua. Ua limetoka, naam, lakini mistari imenenepa kidogo na katikati ya petali pamejaa. Kwa muhuri wenye umbo pana, jani zima au herufi nene, utafurahi. Kwa mistari myembamba, chukua wino mwingine, VersaFine Clair nyeusi. Na sikilizeni vizuri hapa: ukitaka kupaka rangi ndani ya mchoro kwa brashi na maji, usigonge mchoro kwa Oxide, utakutoroka ukiuangalia. Memento, wino mwingine wa mihuri, nayo inasifiwa sana, na kweli inavumilia kalamu za alkoholi kama Copic, ila maji haiyawezi. Nimeshaona watu wanaulaumu wino wakati wameupa kazi isiyo yake. VersaFine Clair ikishakauka, maji yanapita juu yake salama.

Kuna pedi za bei nafuu zinazofanana na hizi, jina silitaji. Nilizonunua mimi rangi ilitoka na mabaka mabaka, na nilipoweka maji haikufanya lolote. Pesa yangu ilikwenda bure, na inaniudhi kwa sababu boksi lilitangaza mambo hayahaya. Oxide ni ghali, sikatai. Lakini pedi ikianza kukauka unaijaza kwa chupa yake ya wino, hununui pedi nyingine, na kwa kazi ya kuburuta kwenye plastiki hutumii wino mwingi.

Mihuri yako isafishe palepale, hasa ile angavu inayopenya mwanga. Kitambaa chenye maji kinatosha. Itabaki na madoa, lakini doa halizuii muhuri kufanya kazi. Kinachouharibu ni jua, unageuka njano na kukakamaa, kwa hiyo usiuache dirishani.

Nani anunue? Kama kadi zako zinaanzia kwenye mandhari ya nyuma, kama haya ya leo, nunua. Kama unagonga tu picha nyeusi na kupaka kalamu, pesa hiyo weka kwenye wino mweusi mzuri kwanza. Na usichukue seti nzima. Anza na Broken China, Worn Lipstick na Fossilized Amber, hiyo ya manjano. Samawati na manjano zitakupa kijani, waridi na manjano zitakupa chungwa, zambarau mmeshaiona. Ukishazigonga kwenye kadi yako ya kwanza, niandikie hapo chini ni zipi mbili zilizokutana vizuri zaidi.