Waya gani wa spika ununue, na upi uuache dukani

Jirani yangu hapa Magomeni, mzee mpenzi wa taarabu, aliniita jioni moja. "Mwanangu, hebu njoo usikilize. Nimebadilisha waya, nimenunua wa gharama kabisa, lakini besi ndiyo imezidi kupotea." Waya wenyewe ulipendeza machoni: mnene kama kidole gumba, umevishwa wavu mweusi, ncha zinang'aa dhahabu. Nikapiga magoti nyuma ya spika na tochi ya simu. Spika ya kushoto ilikuwa sawa, chanya kwa chanya. Ya kulia ilikuwa imegeuzwa. Koni moja, ule uso wa spika unaotikisika, inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi zinauana katikati ya sebule. Tukazibadilisha ncha mbili tu, na ngoma ya dumbaki ikarudi mahali pake.

Kilichoniuma ni pesa. Alichotoa kwenye waya ule kingetosha kununua spika nzuri za mtumba.

Neno langu ni moja: waya hauna uwezo wa kuongeza utamu wa sauti. Waya mbovu, mwembamba mno au uliolegea hupunguza, ndiyo. Ukishapata shaba halisi yenye unene wa kutosha, ikabanwa vizuri, umefika mwisho wa safari ya waya. Nimezipanga nyaya hapa chini kuanzia ile ambayo ningekununulia mimi mwenyewe.

Ya kwanza: fleksi ya umeme ya shaba, milimita 1.5 za mraba. Ni ule ule waya wa nyuzi mbili ambao mafundi hutengenezea ekstensheni. Watu huniangalia kwa mashaka nikisema hivi, basi tupige hesabu. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Kwenye shaba ya milimita 1.5 za mraba, safari hiyo ina ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, wa kama omu 0.12. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8. Kwa hiyo waya unachukua sehemu ndogo sana, chini ya asilimia 2, na sikio halioni tofauti hiyo. Sasa chukua kile kiwaya chembamba kinachokuja ndani ya boksi la redio. Hata kikifika milimita 0.5, ukinzani ni karibu omu 0.35, na kwa spika ya omu 4 hiyo ni karibu asilimia 9. Hapo sauti hupungua kidogo na besi hulegea. Mafundi wengi hutumia kikomo cha asilimia 5: waya usizidi hapo, basi.

Nina ombi moja la usalama. Kwa kuwa waya huu unafanana na wa umeme, zungushia ncha zake tepu ya rangi, na usiufunge plagi ya ukutani kamwe. Mtoto akiona plagi ataichomeka kwenye soketi.

Ya pili: waya wa spika wa shaba halisi, milimita 2.5. Unafaa kwa spika za omu 4, au ukitaka muziki ufike barazani, mita 10 na kuendelea. Kwa sebule ya kawaida ni ziada, ingawa hauna ubaya.

Ya tatu, na hapa ndipo wengi tunaibiwa: waya wa kung'aa wenye ganda la plastiki linaloonyesha ndani. Unauzwa kwa jina la shaba, lakini nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu kama rangi ya ukuta. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo ile "2.5" iliyoandikwa kwenye ganda inafanya kazi ya shaba ya 1.5 hivi. Isitoshe nyuzi zake ni dhaifu: ukikaza bisibisi, zinakatika moja baada ya nyingine, na mwezi wa tatu spika inaanza kukwaruza.

Nenda dukani na wembe. Omba kipande cha inchi mbili, kwaruza uzi mmoja. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, usiogope, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa sisi wa pwani ni bora zaidi. Hewa ya chumvi ya Dar, Tanga na Unguja hugeuza shaba tupu kuwa ya kijani ndani ya miaka michache. Mimi hukata ncha za waya wangu kila mwaka, namenya upya na kukaza tena. Kazi hiyo ya dakika kumi imenisaidia kuliko waya wowote mpya.

Waya wa RCA, ule wa pini nyekundu na nyeupe unaotoka kwenye dishi, simu au santuri kwenda kwenye amplifaya, ni habari nyingine. Unabeba mawimbi madogo sana, na kinachohitajika ni kinga: ule wavu wa shaba unaouzunguka uzi wa katikati. Ukisikia mvumo mzito wa "mmm" hata muziki ukiwa umezimwa, huo ni umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, unaojipenyeza. Kwanza usiulaze waya huo sambamba na waya wa umeme. Kisha chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi mvumo huisha kabla hujatoa shilingi. Kama unapiga sahani za santuri, hapo nunua wenye kinga nzuri na mfupi iwezekanavyo.

Nyaya za kidijitali, yaani HDMI ya kuunganishia runinga na ule unaopitisha sauti kwa mwanga ambao Toshiba waliuanzisha mwaka 1983, hazina mjadala. Data ikifika, imefika. Ikishindwa, utasikia kukatikakatika. Hakuna HDMI yenye besi tamu.

Ya mwisho: nyaya za kifahari na nyaya za umeme za "kusafisha sauti". Mwaka 2007 James Randi, mpiga kiinimacho wa Marekani aliyekuwa akifichua madai ya miujiza, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa masikio tu waya wa spika wa kampuni ya Pear wa dola 7,250 na waya wa kawaida wa kampuni ya Monster. Jaribio lile halikufanyika, na hakuna aliyechukua pesa zile. Hata fedha, madini yenyewe, hupitisha umeme kwa kama asilimia 6 tu zaidi ya shaba, pengo unaloliziba kwa kununua shaba nene kidogo. Na waya wa umeme wa bei mbaya? Umeme umetoka kwenye nguzo, umepita mita kibao za waya wa kawaida ukutani. Mita moja ya mwisho haiwezi kuutakasa. Kama umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka, pesa hiyo nunulia kifaa cha kulinda volti.

Usiniamini mimi, jaribu. Mwombe mtu abadilishe waya mara 10 huku humwoni, sauti ikiwa kiwango kile kile, nawe utaje kila mara ni upi. Ukipatia mara 5 au 6, unabahatisha.

Tulimaliza kwa mzee kwa kuzitoa spika kwenye kona, kama nusu mita kutoka ukutani, tukazielekeza kwenye kiti chake. Sakafu yake ni ya vigae na kuta ni tupu, kila sauti inadunda. Bibi akaleta zulia la chumbani na kushusha mapazia mazito. Mzee akakaa, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza akaonyesha kwa kidole upande ambao ganuni, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, ilikuwa imekaa.