Pango la Plato katika tafsiri ya Reeve

Kwa msomaji asiyejua Kigiriki anayetaka kuusoma mfano wa pango wenyewe (wafungwa wanaoona vivuli tu ukutani na kuvidhani vitu halisi) badala ya muhtasari wake, tafsiri ya Kiingereza ya Jamhuri, kitabu cha mwanafalsafa Plato, iliyofanywa na C. D. C. Reeve na kutolewa na Hackett mwaka 2004 inastahili kununuliwa. Imetegemea matini ya Kigiriki iliyohaririwa na S. R. Slings (Oxford, 2003), na pambizoni zimo namba za kurasa za toleo la Stephanus la mwaka 1578, hivyo aliyeelekezwa 514a hulifikia pango mara moja, hata kama mwalimu wake anatumia tafsiri nyingine.

Ninachokithamini zaidi ni Kitabu cha Saba, sehemu ya Jamhuri yenye pango hilo. Wengi huishia pale mfungwa anapofunguliwa na macho yake kuumizwa na mwanga, ilhali hoja ya elimu yenyewe inakuja baadaye, katika 518, Socrates, msemaji mkuu wa Jamhuri, anapowapinga wanaodai kutia maarifa katika nafsi isiyokuwa nayo, kana kwamba wanayatia macho ya kipofu uwezo wa kuona. Kwake uwezo huo umo tayari, na kazi ya elimu ni kuigeuza nafsi nzima ielekee kwenye kilichopo kweli. Katika 523 kuna mfano wa vidole vitatu, ambao hautajwi sana: jicho linatosha kututhibitishia kwamba hiki ni kidole, lakini kidole cha pete kinapoonekana kikubwa kando ya cha mwisho na kidogo kando ya cha kati, akili hulazimika kuuliza ukubwa ni nini. Ndipo tunapoelewa kwa nini hesabu inatangulia masomo mengine. Reeve anazitafsiri hoja hizi kwa sentensi nyoofu zisizomchosha msomaji.

Ninacholalamikia ni mpangilio. Mtafsiri ameyageuza masimulizi kuwa mazungumzo ya moja kwa moja, jina la msemaji likitangulia kila kauli kama katika tamthilia. Darasani hilo linasaidia. Lakini katika Kigiriki kila neno, hata ridhaa za Glaucon anayejibizana naye, tunalipokea kinywani mwa Socrates, anayesimulia yaliyosemwa jana yake kule Piraeus, bandari ya Athene, na katika kitabu kinachohoji vivuli kiasi hiki, umbali huo si pambo. Anayetaka “nikasema” na “akasema” zibaki atafute tafsiri ya Allan Bloom ya mwaka 1968, ingawa sentensi zake ni nzito zaidi.