Namba Binafsi za Gari Uingereza: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Andika S1 MBA kwenye karatasi, uache nafasi moja tu baada ya ile 1, kisha mwonyeshe Mswahili yeyote. Atasoma Simba kabla hujamwuliza. Hicho ndicho kipimo changu kila ndugu anaponipigia kutoka Leicester au Reading akitaka ushauri wa namba binafsi, yaani namba ya gari unayoichagua na kuilipia mwenyewe: je, jina linasomeka namba ikiwa imepangwa vile sheria inavyotaka? Kama halisomeki mpaka usogeze herufi, iache hiyo namba, hata ikiwa ya bei rahisi.

Sheria yenyewe ni kanuni za mwaka 2001 za kuonyesha namba za usajili, na hazitofautishi namba uliyopewa bure na gari na ile uliyoilipia maelfu. Kila herufi iwe na kimo cha milimita 79 na upana wa milimita 50, isipokuwa I na 1. Unene wa mstari ni milimita 14. Kati ya herufi na herufi ni milimita 11, na pengo linalotenga kundi la kwanza na la pili ni milimita 33. Hilo pengo ndilo linalowatia watu majaribuni, maana mara nyingi linaangukia katikati ya jina. Mwandiko ni mmoja tu, uitwao Charles Wright, wa rangi nyeusi. Kibao cha mbele ni cheupe, cha nyuma cha njano, vyote viwe vinaakisi mwanga na visiwe na michoro kwa nyuma ya herufi. Ukikiuka, faini inaweza kufika pauni 1,000, gari linaanguka ukaguzi wa MOT, na DVLA, idara inayosajili magari, inaweza kukunyang'anya namba yenyewe. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka. Fedha uliyotoa haikukufanya mmiliki wa namba. Ulinunua haki ya kuitumia tu.

Basi nazipanga hivi, kuanzia ile ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza, bila kusita, ni namba za mtindo wa 1983 hadi 2001: herufi moja, tarakimu moja hadi tatu, pengo, halafu herufi tatu. Kiswahili kimeingia humo kama mkono kwenye glavu. Maneno yetu mengi huanza na konsonanti ikifuatwa na irabu, na tarakimu 4, 1 na 3 zinasimama vizuri mahali pa A, I na E. Ndiyo maana J4 MBO inasomeka Jambo, F4 TMA inasomeka Fatma, N3 EMA inasomeka Neema, na Y4 NGA itamfurahisha yule ambaye S1 MBA inamkera. Natoa mfano wa umbo. Kama namba fulani iko sokoni leo utaona mwenyewe ukiitafuta. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba pengo la milimita 33 linakaa baada ya silabi ya kwanza, na jicho linaliruka bila shida. Huhitaji kugusa kitu. Kasoro yake ni irabu I: herufi hiyo haimo katika zile tatu za mwisho, kwa hiyo majina kama Saidi na Zawadi yanagoma. Angalia pia mwaka. Herufi ya S ilianza Agosti 1998, na sheria haikuruhusu kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo, kwa hiyo S1 MBA haiwezi kuwekwa kwenye gari la 1995. Kwa magari mengi yaliyoko barabarani sasa, hilo si tatizo.

Nafasi ya pili naipa Ireland ya Kaskazini. Namba zake zina I au Z ndani yake na hazionyeshi mwaka, hivyo unaweza kuiweka kwenye gari lolote, la zamani au la mwezi huu, isipokuwa lile lenye namba ya Q, yaani gari ambalo umri au asili yake haikuthibitika, ambalo haliruhusiwi kubadilishwa namba kabisa. Bei zake kwa kawaida ziko chini kuliko namba nyingine zisizo na mwaka. Na sisi tuna bahati nazo: TZ na EZ zote ni alama za Belfast. Namba ya umbo la KEZ 254 inamwambia Mkenya kila kitu, na MTZ 255 vivyo hivyo kwa Mtanzania. Hazisomeki kama jina, lakini hakuna askari wala fundi wa MOT atakayekusumbua, kwa sababu hakuna kishawishi cha kusogeza chochote. Kwa mtu mwenye fedha kidogo anayetaka heshima yake tu, ningemwambia aanzie hapa.

Ya tatu ni mtindo wa sasa, ulioanza Septemba 2001: herufi mbili, tarakimu mbili za mwaka, pengo, herufi tatu. AM11 NAA ni Amina aliyevutwa kidogo, na inafaa gari la kuanzia Machi 2011 tu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Binamu yangu alinunua ya aina hii kwa jina la bintiye. Duka moja likambania herufi zote saba zikakaa bega kwa bega, likaongeza na skrubu nyeusi kati ya zile 1 mbili zionekane kama herufi. Ikapendeza kweli. Gari likaanguka MOT, akalipa vibao vingine, na vilipokuja vya halali jina halikusomeka tena kama alivyolitaka. Skrubu inayobadilisha sura ya herufi ni kosa sawa na kusogeza herufi. Ukiutaka mtindo huu, ichapishe kwanza kwa vipimo halali kwenye karatasi, ibandike ukutani, usimame hatua kumi.

Mtindo wa 1963 hadi 1983, wenye herufi ya mwaka mwishoni, sioni unatufaa sana. Unafaa herufi za mwanzo za majina. Na zile fupi za kale ni za matajiri: 25 O iliuzwa mwaka 2014 kwa pauni 518,000 pamoja na ada.

Sasa vibao vyenyewe, maana namba nzuri inaweza kuharibiwa na kibao kibaya. Chukua kile bapa cha kawaida kilichochapishwa. Ndicho cha bei nafuu na hakina ugomvi. Vile vya herufi zilizoinuka, za jeli au za akriliki zinazoitwa 4D, ni halali pia ikiwa vimetimiza kiwango cha BS AU 145e, ambacho kimekuwa lazima kwa vibao vipya tangu tarehe 1 Septemba 2021. Kiwango hicho kinataka weusi mtupu, hivyo herufi zenye kivuli au rangi mbili zimeondoka. Tazama chini ya kibao: lazima pawe na jina na msimbo wa posta wa aliyekuuzia pamoja na alama ya kiwango. Kikikosa hayo, usikipokee. Muuzaji halali atakuomba kitambulisho na karatasi ya kuthibitisha haki yako ya namba. Asiyekuomba chochote, au anayekuuzia kibao cha maonyesho huku akijua unakwenda kukiendeshea barabarani, mkimbie.

Bendera nimeulizwa mara nyingi. Ya Kenya au ya Tanzania hairuhusiwi kwenye kibao. Zinazokubalika ni ile ya Muungano wa Uingereza, msalaba wa Mtakatifu George, msalaba wa Mtakatifu Andrea na joka jekundu la Wales. Bendera ya nyumbani iweke kwenye mwili wa gari, mbali na kibao. Mwenye gari la umeme anaruhusiwa ukanda wa kijani ubavuni.

Kuhusu mahali pa kununua, anza na DVLA yenyewe. Bei zake zinaanzia pauni 250, na humo imo ile ada ya pauni 80 ya kuiweka namba kwenye gari. Kwenye minada yake soma masharti kabla ya kunyoosha mkono, kwa sababu juu ya bei ya nyundo, ile iliyoshinda mnadani, huongezwa kodi na ada. Madalali wana namba nyingi zaidi, ila uliza bei ya mwisho, yenye kila kitu. Mtu binafsi nampa nafasi ya mwisho: usitoe hata senti kabla hujaiona V750 au V778, karatasi za DVLA za kuthibitisha haki ya namba, yenye jina lake na tarehe ambayo haijapita. Karatasi hizo hudumu miaka 10 na kuzihuisha ni bure, lakini ukisahau tarehe, haki inapotea.

Ukishaihamishia kwenye gari, vibao vipya vifungwe kabla hujaliendesha. Ijulishe kampuni ya bima siku hiyohiyo, na kwa mkazi wa London badilisha namba kwenye akaunti ya malipo ya ULEZ, ile ada ya magari yanayochafua hewa. Na siku utakapouza gari, toa namba kwanza, usubiri kadi mpya ya gari, V5C, ndipo ukabidhi funguo. Ukiliuza na namba ikiwa juu yake, namba inakwenda na mnunuzi.