Mfalme wa vifuu: uzoefu wangu na Monty Python and the Holy Grail

Nianze na hukumu, asiyependa maneno mengi aondoke mapema. Filamu hii ya mwaka 1975 imenichekesha kuliko vichekesho vingi vya siku hizi, na mwisho wake umenikera. Hayo mawili yote yanatokana na jambo moja: walioitengeneza hawakuwa na pesa.

Inaanza na ukungu. Maandishi yanakwambia uko Uingereza, mwaka 932. Unasikia kwato za farasi zinakuja, zinakaribia, unakaa sawa kitini kumsubiri steringi. Anatokea Mfalme Arthur, yule wa hadithi za kale za Waingereza, taji kichwani, anarukaruka kwa miguu yake mwenyewe huku ameshika hatamu za hewa. Nyuma yake mtumishi wake Patsy, furushi kubwa mgongoni, anagonganisha vifuu viwili vya nazi. Basi, hiyo ndiyo sauti ya farasi. Shemeji yangu, ambaye alikaa kuangalia kwa kunihurumia tu, aliuliza, "Sasa farasi wenyewe wako wapi?" Nikamwambia asubiri. Hawaji. Wanasimama, Patsy anaacha kugonga. Wanaondoka, anaanza tena, na sura zao hazionyeshi hata kidogo kwamba kuna cha kuchekesha.

Mimi nimekulia Tanga, nyumba ambayo vifuu havikosekani nyuma ya jiko, kwa hiyo sauti ile niliijua kabla sijaona mkono unaoitoa. Kinachoua zaidi ni askari aliye juu ya ukuta wa ngome. Mfalme anajitambulisha, anadai kuonana na bwana wa ngome. Askari anataka kujua kitu kimoja tu: nazi umeitoa wapi? Hii ni nchi ya baridi, nazi ni ya joto. Arthur anajitetea kwamba hata mbayuwayu huhama kufuata jua. Kwa hiyo mbayuwayu ndiye aliyeibeba nazi? Wanaanza kubishana uzito wa ndege na uzito wa nazi, anatokea askari wa pili na hoja kwamba labda ni mbayuwayu wa Afrika, wa kwanza anamkumbusha kuwa huyo hahami. Mfalme amekwisha kuondoka zake, wao bado wanapanga jinsi mbayuwayu wawili wanavyoweza kuibeba kwa kamba. Ukiwa umewahi kunyanyua nazi ambayo bado ina makumbi yake unajua ubishi huu ni wa kipuuzi kiasi gani. Na wale mbayuwayu wa Ulaya ni kweli huja kwetu huku wakati kwao kuna baridi, ingawa sijawahi kumwona hata mmoja akirudi na mzigo.

Waliocheza ni Monty Python, kundi la watu sita: Graham Chapman, ambaye ndiye Arthur, John Cleese, Eric Idle, Michael Palin, Terry Jones na Terry Gilliam. Walikuwa maarufu kwenye televisheni ya Uingereza, lakini kwa filamu hii sehemu ya pesa ilitoka kwa wanamuziki, wakiwemo Led Zeppelin na Pink Floyd. Jones na Gilliam waliiongoza wenyewe. Farasi walikuwa ghali, vikaja vifuu. Deraya za minyororo unazoziona zinang'aa ni sufu iliyofumwa ikapakwa rangi ya fedha, na kwa mvua za Scotland, walikopigia picha, unaweza kufikiria wenyewe walivyokuwa wakitetemeka ndani yake. Walinyimwa ruhusa ya kutumia ngome nyingi walizozitaka, kwa hiyo ngome moja, Doune, imezungushwa na kupigwa picha pembe hii na ile ikawa ngome kadhaa. Camelot yenyewe, ngome ya Arthur, ikionekana kwa mbali, wakuu wa Arthur wanaitazama kwa mshangao, mmoja baada ya mwingine wanalitaja jina lake, halafu Patsy ananong'ona kwamba ni mfano tu wa kutengenezwa. Anazomewa anyamaze.

Hapo ndipo nilipoipenda. Umaskini hawakuuficha, wameuweka mbele ukawa kichekesho chenyewe.

Kisa ni kwamba Arthur anakusanya mashujaa wake na Mungu anawatuma wakatafute Kikombe Kitakatifu, kile kinachosimuliwa kuwa Yesu alikitumia kwenye karamu ya mwisho. Usikitegemee sana kisa. Ni kamba tu ya kuanikia vichekesho.

Kimojawapo ni cha mkulima Dennis. Arthur anamsimamisha njiani amuulize nani anakaa kwenye ngome ile. Dennis, huku amekaa kwenye tope, anamwambia kwamba wao hawana bwana, wanapokezana uongozi kila wiki, na maamuzi hupitishwa mkutanoni. Arthur anasema yeye ni mfalme. Mama mmoja anamjibu kwamba hakumpigia kura. Arthur anaeleza kwa unyenyekevu jinsi bibi wa ziwani alivyonyoosha mkono kutoka majini akampa upanga, na Dennis anamjibu kwamba mwanamke wa bwawani kugawa panga si utaratibu wa kupata serikali. Mwishowe Arthur anamkaba, naye anapiga kelele watu waje waone anavyokandamizwa. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya mtaa, na Dennis namjua. Hakosekani.

Sehemu ya mchawi ilinishika vingine. Wanakijiji wanamleta mwanamke kwa Bwana Bedevere wakitaka kumchoma. Ana pua ndefu ya bandia na kofia, na wanapoulizwa wanakiri kwamba hivyo wamemvalisha wao. Mmoja anadai alimgeuza mjusi. Watu wote wanamtazama, si mjusi, anasema kwa sauti ndogo kwamba alipona. Kisha Bedevere anaanza kupima: wachawi wanaungua, kuni zinaungua, kwa hiyo mchawi ni wa mti, mti unaelea, bata anaelea, kwa hiyo akiwa na uzito sawa na bata ni mchawi. Wanamweka kwenye mizani. Nilicheka, halafu kicheko kikakwama. Shemeji yangu ni wa Shinyanga. Kule na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu macho ni mekundu, na macho yenyewe ni mekundu kwa moshi wa miaka jikoni. Hakusema kitu, mimi pia sikusema, tukaendelea kuangalia. Naitaja ili ujue kwamba katikati ya upuuzi kuna mahali filamu hii ina meno, na ilikuwa na meno hayo bila kutufikiria sisi.

Pambano la Shujaa Mweusi nadhani umeshakutana nalo kwenye vipande vya simu bila kujua linatoka wapi. Anakatwa mkono, anasema ni mkwaruzo. Anakatwa wa pili, anapiga mateke. Anabaki kiwiliwili na bado anamtishia Arthur anayeondoka. Damu inaruka kama bomba lililopasuka, bandia waziwazi, lakini asiyependa kuona damu ajue.

Na sungura! Sisi sungura wetu wa hadithi anashinda kwa akili. Huyu wa pangoni ni mweupe, mdogo, ametulia, na mganga mmoja mwenye pembe kichwani anawaonya kwamba ni hatari. Wanamcheka. Anaruka, anamkata mtu kichwa. Inabidi waletewe bomu takatifu la mkono lenye maelekezo yanayosomwa kama aya za kitabu, kwamba uhesabu mpaka tatu, usihesabu nne, wala usiishie mbili. Arthur anahesabu: moja, mbili, tano. Shemeji aliyekuwa anataka kwenda kulala alirudi akakaa.

Si kila kitu kilitufikia. Ile sehemu ya mashujaa wa msituni wanaodai waletewe kichaka ilituacha wakavu. Wanapiga kelele ya neno moja tu, na sisi tulisubiri kichekesho kikapita. Wimbo wa wapambe wa Bwana Robin nao unahitaji masikio yaliyozoea Kiingereza. Wanaongea haraka, wengine kwa lafudhi za kuigiza, kwa hiyo washa maandishi ya chini ya skrini hata kama Kiingereza chako kizuri.

Kuhusu familia: kuna ngome iliyojaa wasichana wanaomzonga Bwana Galahad, mazungumzo yake si ya kusikiliza ukiwa umekaa na baba mkwe. Na Mungu ameonyeshwa kama katuni ya mzee mwenye ndevu mawinguni, tena anamkaripia Arthur kwa kupigapiga magoti. Mimi sikuona tusi, ila naijua nyumba ambayo runinga ingezimwa hapohapo.

Sasa mwisho. Kabla yake kuna daraja ambalo mlinzi wake anauliza maswali matatu, ukikosa unarushwa bondeni, na swali la Arthur linamrudisha yule mbayuwayu kwa namna ambayo sitakuharibia. Baada ya hapo nilitarajia vita. Jeshi linapangwa, linatimua mbio, na linalofika ni gari la polisi. Polisi hao walikuwa wameshadokezwa njiani: mwanahistoria wa siku hizi anajitokeza kuelezea kisa, shujaa mmoja anapita juu ya farasi, wa kweli safari hii, anamuua. Tangu hapo polisi wanamfuatilia muuaji. Wanamkamata Arthur, askari mmoja anaziba kamera kwa mkono, kwisha. Najua wengi wanaisifu kwa ujasiri. Mimi naona waliishiwa, pesa na hadithi kwa pamoja, wakafunga duka. Kifuu badala ya farasi nakikubali, maana kinafanya kazi ya farasi. Polisi badala ya mwisho hawakufanya kazi ya mwisho.

Ni dakika tisini na kidogo, na ukiikodi mtandaoni inatosha kuitazama mara mbili kabla muda haujaisha. Mara ya pili mtazame Patsy, si Arthur. Na usishtuke polisi wakishaziba kamera: hakuna orodha ya majina, skrini inabaki nyeusi na kinanda cha kanisani kinalia muda mrefu bila sababu. Mimi nilidhani bando limekata, nikaenda kukagua salio.