Miezi kumi na minane na kompresa ya ARB chini ya boneti

Gari langu ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ, bodi imerefushwa, viti saba vya wageni, dirisha la juu. Nalala nalo Arusha na kuamka nalo Karatu, Ndutu, Seronera, Natron. Matairi ni 235/85R16 yasiyo na tyubu. Nayataja mapema kwa sababu kompresa, yaani pampu ya umeme ya kujazia matairi upepo, inayomfaa mwenye RAV4 wa kwenda shamba Jumapili si lazima inifae mimi, na yangu inaweza kuwa kubwa mno kwake.

Kwa miaka sita nilibeba ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Boksi lake liliandikwa 150 psi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) kwa herufi kubwa, nami nikaamini hiyo ndiyo nguvu yake. Tulifika mwisho wetu kwenye njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero, mwezi wa Septemba, vumbi likiwa jepesi kama unga wa muhogo. Nilikuwa nimeshusha upepo hadi psi 20 ili gari lisizame. Mbele yetu kulikuwa na mawe meusi ya volkano, na pale huwezi kupita na tairi laini likiwa limebeba familia na mizigo, litachanika ubavu. Nikasimama nijaze. Tairi la kwanza lilichukua dakika kumi na moja. La pili sikulipima tena, nilikuwa nasikia mlio unavyochoka. Kwenye la tatu kikatoa harufu ya waya kuungua, kikanyamaza. Saa saba mchana, mama wa wageni amemfunika mtoto kwa kanga niliyokuwa nayo garini, na mimi nimepiga magoti mchangani nashika kitu cha moto.

Akatokea mzee mmoja na Land Cruiser ya mizigo akitokea upande wa Wasso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Kiache hicho kipoe, utaungua."

Akafungua boneti, akavuta mpira mrefu, akabonyeza swichi. Alizunguka matairi yote manne kabla sijamaliza kuwaeleza wageni kinachoendelea. Akiwa anakunja mpira wake akaniambia neno ambalo lilinigharimu miaka sita kulijua: "Usisome psi. Soma lita."

Tairi langu linahitaji 45, sasa 150 ya kazi gani? Swali ni kompresa inasukuma lita ngapi za hewa kwa dakika ikiwa tayari tairi linaisukuma nyuma. Nilipiga hesabu yangu mezani. Tairi la ukubwa huu lina nafasi ya takriban lita 65 ndani. Kulipandisha kutoka 20 hadi 45 ni kuongeza psi 25, na kwa kuwa hewa ya kawaida inatukandamiza kwa psi 14.7, hizo 25 ni sawa na kushindilia hewa ya nje mara 1.7 ya nafasi hiyo. Ni kama lita 110 kwa tairi moja, 440 kwa manne. Sasa chukua lita zilizoandikwa kwenye karatasi ya kompresa, ugawanye. Utajua utakaa juani dakika ngapi. Karatasi nyingi za zile ndogo huandika lita za kompresa ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote, yaani inapuliza hewani tu. Namba hiyo haina maana porini. Tafuta ile iliyopimwa kwenye 29 psi au zaidi. Muuzaji asipokuwa nayo, mshukuru uondoke.

Kompresa ya ARB, kampuni ya Australia ya vifaa vya magari, yenye mota moja, modeli ya CKMA12, inatoa takriban lita 62 kwa dakika ikipimwa kwenye 29 psi. Ile ya mota mbili, CKMTA12, inatoa zaidi ya lita 130. Nilizitazama zote mbili kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama nyumba niliyopanga.

Namba ya pili ya kutafuta ni muda wa kazi dhidi ya muda wa kupumzika. Kompresa inazalisha joto kama jiko. Hii ya mota moja watengenezaji wanaipa asilimia 50, yaani ikifanya kazi nusu ya muda ipumzike nusu, na wameipima kwenye joto la nyuzi 22 ikiwa inasukuma 100 psi. Mimi sizidi 50, kwa hiyo haichoki kiasi hicho, lakini pia sijawahi kuona nyuzi 22 Ngare Sero. Ya mota mbili inapewa asilimia 100. Ukiwa unaongoza msafara wa magari manne na wewe ndiye mwenye kompresa, chukua ya mbili na usijadiliane na nafsi yako. Mimi natembea peke yangu au tukiwa wawili. Nilichukua ya moja, na bei yake kwangu, pamoja na kuisafirisha, ilikuwa karibu na tairi mbili mpya nzuri. Mpira wa kujazia na geji vinauzwa peke yake, viweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna wenzetu wanaogeuza kompresa ya AC iwe ya kujaza upepo. Hewa ni nyingi kweli, ila mafuta ya kulainishia hupita pamoja nayo, na unahitaji fundi anayejua anachofanya. Sikutaka kuanza hadithi hiyo.

Kufunga ndiko kulikonipa somo. Fundi umeme wa kwanza alinidai kidogo, na nikaona nimebahatika. Alichukua umeme nyuma ya dashibodi, kwenye waya uleule wa tundu la sigara. Kompresa ya aina hii inakula zaidi ya ampea 20 ikifanya kazi, na waya ule haukutengenezwa kwa hayo. Siku ya kwanza ya kujaribu niligusa plastiki yake ikawa laini kama nta. Nikang'oa kila kitu siku hiyohiyo. Fundi wa pili alifuata waya zinazokuja na kompresa yenyewe: chanya moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) katikati, hasi nayo hadi betrini na siyo kwenye bati lolote lililo karibu. Swichi ikaja ndani. Injini lazima iwe inanguruma wakati wa kujaza, vinginevyo unanyonya betri ambayo kesho asubuhi inatakiwa kuwasha dizeli kwenye baridi ya Ngorongoro. Na kabla ya kulipa, hakikisha gari lako ni volti 12 au 24. Zipo za aina zote mbili na boksi zinafanana.

Kuhusu mahali: tuliiweka kona ya boneti, mbali na ekzosi, juu kiasi kwamba maji ya mto yakifika pale basi nina shida kubwa kuliko kompresa. Nilifikiria chini ya kiti cha nyuma, ambako ni pakavu na vumbi ni dogo, lakini wageni wangekaa juu ya kelele ile. Ina kelele, tena kali, simba aliyelala ataamka. Siiwashi karibu na wanyama kwa sababu hiyo.

Miezi kumi na minane sasa. Tairi moja kutoka 20 hadi 45 ni dakika mbili na nusu mpaka tatu, ikitegemea jua. Muda wa kuhamisha mpira kutoka valvu hadi valvu unaipa pumzi. Baada ya tairi la pili nainyamazisha kabisa dakika tano, nagawa maji kwa wageni, kisha naendelea. Haijawahi kujizima kwa joto mikononi mwangu. Kichungi chake cha hewa nakitoa kila ninaporudi Arusha, nakikung'uta vumbi. Yale mavumbi ya Natron yangeimaliza kimyakimya.

Faida ambayo sikuitarajia ni kwenye rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi yanayotikisa gari. Zamani sikuwa nashusha upepo kati ya geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro na lile la Naabi la kuingilia Serengeti, kwa kuogopa kazi ya kuurudisha. Wageni walikuwa wanafika Serengeti wameshika viuno. Sasa nashusha kidogo tu, gari linatulia, boliti hazilegei ovyo. Nikifika panapohitaji, narudisha. Pia napulizia kichungi cha injini, kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo.

Isichoweza: tairi likitoka kabisa kwenye rimu, kompresa hii peke yake haina pumzi ya ghafla ya kulikalisha. Hapo unahitaji tangi la hewa, au uvae spea. Mimi navaa spea. Na wenzangu mnaotumia 7.50R16 zenye tyubu, kompresa nzuri isiwape ujasiri wa kushusha upepo kama mimi. Tairi likiwa laini mno huteleza kwenye rimu, linaivuta tyubu, valvu inang'oka, na hakuna kompresa inayojaza tyubu iliyochanika.

Kitu kimoja bado nakishughulikia. Kwa gari lililorefushwa, mpira wa mita sita kutoka boneti hadi tairi la nyuma upande wa pili unafika kwa kulazimisha, umekwaruza bampa njia nzima. Wiki ijayo fundi ananipitishia bomba dogo chini ya fremu hadi nyuma, na mdomo wa kuchomekea utakaa karibu na ndoano ya kuvutia.